Ukinunua mche wa mvule, uliza mama yake

Mwaka 2013, masika yalipokolea, nilipanda miche 12 ya mvule nyuma ya nyumba yangu hapa Muheza. Niliinunua kwenye kitalu kimoja, nikaileta kwa baiskeli kwa safari mbili, viriba sita sita ndani ya tenga, nikaipanda mahali peupe ili ipate jua la kutosha. Nilidhani nimeitendea wema. Vuli ilipoingia sikuwa na mche hata mmoja.

Haikuliwa na mbuzi wala haikukosa maji. Ilitoka vinundu. Mwanzo ni uvimbe mdogo kwenye jani changa, kama mahali alipouma mbu. Baada ya wiki mbili uvimbe umekuwa kama punje ya hindi, umejaa, na umekaa kwenye ncha ile ile ambayo mche unataka kurefukia. Nilichukua patasi ya nusu inchi, ile ninayochongea nafasi za bawaba, nikapasua kinundu kimoja juu ya kiganja. Ndani mlikuwa na majimaji, na katika majimaji hayo kitoto cha mdudu, cheupe chenye umanjano, bapa, hakijaota mabawa, kimejikunyata kama mtu aliyelala na baridi. Kinundu kizima ni nyumba yake, na aliyemjengea ni mti wenyewe. Siku chache baadaye vile ambavyo sikuvigusa vilipasuka vyenyewe, wadudu wakatoka na mabawa yao, na vidonda walivyoviacha vikaanza kuoza. Kuvu wakaingia, uozo ukashuka na shina kutoka kileleni. Uozo huo husimama pale tu unapokuta mti uliokomaa, na mche wa miezi mitatu haujakomaa popote. Ukashuka mpaka ardhini.

Wataalamu wanamwita mdudu huyo Phytolyma. Ni mdogo kuliko punje ya mchele na maisha yake yote yako kwenye mvule, hana mti mwingine. Kwa ajili yake watu wengi wa huku Bonde wanakuambia kwa uhakika kabisa kwamba mvule haupandwi, mvule hujiotea. Nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni, na nimeyasikia hata kwa mabwana miti waliosomea kazi hiyo. Nayapinga. Mvule unapandika, uani kwa mtu wa kawaida, bila dawa ya kunyunyizia. Tunakosea hasa mahali pamoja: tunapanda mche bila kujua umetoka kwa mama yupi.

Nieleze kwanza mimi ni nani katika jambo hili, maana sikulianza nikiwa upande wa miti. Mimi ni seremala. Niliingia kazini mwaka 1975 nikiwa na miaka 17, kijana wa kushika ncha ya pili ya msumeno katika karakana moja ya Ngamiani, Tanga. Mvule ndiyo mbao iliyonilisha, ikanioza mke, ikasomesha watoto. Vitanda, milango, makabati, fremu za madirisha, madawati ya shule. Ukiipiga randa kwa mara ya kwanza ina rangi ya asali mpya. Ikikaa ikapigwa na hewa na mwanga inakolea mpaka inakuwa kahawia. Mchwa wanaipita. Vumbi lake linachoma pua na kuwasha ngozi, na wapo wenzangu walioiacha kabisa kwa sababu hiyo wakahamia mbao nyingine.

Na ndani ya magogo makubwa, mara nyingine, kuna jiwe. Jiwe hasa, gumu, la rangi ya chokaa, limejificha katikati ya nyuzi za mti ambapo hakuna dalili yoyote kwa nje. Msumeno ukilifikia unang'oka meno. Tulikuwa tukilitukana jiwe hilo. Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba watafiti waliouchunguza mti huu Afrika Magharibi, ambako unaitwa iroko, walieleza mwaka 2004 jinsi linavyopatikana: mti unavuta hewa ya ukaa, sehemu yake unaigeuza kuwa oksaleti ndani ya mwili wake, kisha bakteria na kuvu wanaigeuza oksaleti hiyo kuwa chokaa, ndani ya shina na katika udongo unaouzunguka. Kwa hiyo jiwe lililonivunjia misumeno lilikuwa hewa chafu iliyokusanywa ikafungiwa mahali ambapo isingetoka upesi. Sikulitukana tena.

Lakini kilichonibadilisha zaidi ni ile miche 12 iliyokufa. Nilikaa kibarazani nikajiuliza: kama mdudu huyu anaua miche namna hii, ile mivule mikubwa ya njia ya Amani ilikuaje? Hakuna aliyeinyunyizia dawa. Jibu ni jepesi, ila lilinichukua maisha yangu yote ya kazi kuliona. Kila mvule mzima unaouona umesimama ulipita mikononi mwa mdudu huyu ulipokuwa mchanga, ukatoka hai. Mingine ilibahatika kuota kwenye kivuli cha msitu, ambako mdudu hastawi sana. Mingine ilikuwa na nguvu yake ya asili.

Sasa fikiria sisi mafundi na wapasuaji tunachagua gogo gani. Tunataka shina lililonyooka, refu kabla ya tawi la kwanza. Na mvule uliooza ncha utotoni haukui hivyo; unagawanyika chini chini, unatoa machipukizi matatu, manne, unakuwa mti wa mapanda. Shina lililonyooka mara nyingi ni la mti ambao kilele chake hakikushindwa. Kwa maneno mengine, katika miaka yangu yote kwenye karakana tumekuwa tukizunguka mashambani kuwatafuta walioshinda ugonjwa, tukawaangusha, tukawaacha walioshindwa watoe mbegu. Nimepiga randa washindi hao kwa mkono wangu. Jambo hili linaniuma, na ndilo linalonifanya niandike leo.

Kuna na la pili ambalo si wengi wanalijua. Mvule una dume na jike, mti mmoja mmoja, kama mpapai. Dume hutoa maua marefu membamba yanayoning'inia, yanapukutika yakaisha. Jike hutoa tunda nene la kijani, refu kama kidole, linalofanana na kiwavi aliyenona. Si ajabu, kwani ni ukoo mmoja na mforosadi, mkuyu na mfenesi. Kijiji kinaweza kuwa na mivule mitano mikubwa na kisipate mbegu hata moja kwa sababu yote ni madume, na jike lao liligeuzwa milango.

Nikarudi kwa yule kijana wa kitalu. Sikwenda kugombana. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbegu za ile mivule ulizitoa wapi?" Akajibu bila kuficha, "Shikamoo fundi. Pale barabarani, karibu na kituo cha basi. Ndiko karibu." Miche yote ya kitalu chake, mwaka ule na mwaka uliotangulia, ilikuwa ya mama mmoja, na mama huyo alichaguliwa kwa kuwa yuko karibu na barabara. Simlaumu kijana. Hakuna aliyemwambia kuwa mama ana maana.

Lakini liko linalojulikana, na limejulikana kwa muda. Mwaka 1995 Joseph Cobbinah wa Ghana na mwenzake Michael Wagner wa Marekani walichapisha matokeo ya kazi yao juu ya mdudu huyu huyu. Walichukua watoto wa mivule mbalimbali, wakawaweka pamoja, wakaangalia nani anaugua na nani anastahimili. Watoto wa mama tofauti hawakuugua sawa. Wenzao wa Ghana wakaendelea, wakachanganya mvule na miti mingine ya kuupa kivuli, wakaona vinundu vinapungua. Hiyo ni elimu iliyopatikana Afrika juu ya mti wa Afrika, imekaa miaka mingi, na kitalu cha wilayani kwetu kilikuwa hakijaisikia.

Mwaka 2014 nikafanya ya kwangu, kwa kadiri ya uwezo wangu. Nilizunguka mpaka nikapata mivule jike minne: mmoja nyuma ya msikiti, mmoja kwenye mpaka wa shamba la mkonge, ule wa kituo cha basi, na mmoja mkubwa kuliko yote bondeni kando ya mto, ambapo zamani wazee walikuwa wakienda kutambika. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, alinionya. "Fundi, huo wa mtoni uache. Una wenyewe." Nilimwambia, "Ndiyo maana upo, shangazi. Kama usingekuwa na wenyewe tungekwisha kuulalia vitandani." Akanyamaza, kisha akanielekeza njia fupi ya kushukia.

Tulikwenda alfajiri, mimi na mjukuu wangu, wakati huo ana miaka 7. Popo walikuwa ndio wanaondoka. Usiku kucha walikuwa wamekula kule juu, na chini kulikuwa na matunda mazima na yaliyotafunwa nusu, yamelainika, yananuka utamu wa kitu kilichoanza kuchacha. Tukaokota ndoo moja. Nyumbani tuliyaloweka, tukayaponda kwa mikono kwenye maji, tukachuja kwa kitambaa cha chandarua. Mbegu ni ndogo kuliko za nyanya. Tulizianika kivulini na kuzipanda mapema, maana mbegu ya mvule haiwekeki. Ukiiacha kwenye kopo mpaka msimu mwingine unapanda makapi. Kwenye tuta la kusia tuliweka udongo wa chini ya miti uliochanganywa na mchanga, tukaezeka makuti juu. Wiki ya tatu zikaanza kuchomoza, vijani viwili viwili, vidogo mno kiasi kwamba mjukuu alikuwa akizihesabu kwa kulala kifudifudi.

Kila mama nilimpa watoto 40. Kwenye kila kiriba nilichomeka kijiti nilichokipaka rangi za mafuta zilizobaki kazini: nyekundu kwa msikiti, bluu kwa mkonge, nyeupe kwa kituo cha basi, kijani kwa mto. Walipofika urefu wa shubiri mbili nikaondoa makuti kidogo kidogo, mdudu akaja kama nilivyojua atakuja. Kila Ijumaa baada ya swala nilipita nao mmoja mmoja na daftari langu la oda.

Mwaka ulipotimia, vijiti vyeupe vilibaki na miche 3. Vyekundu 7. Vya bluu 11. Vya kijani 22. Hesabu ya seremala kwenye uwanja mmoja haitoshi kuandikia sheria, naelewa. Lakini niliyoyaona kwa macho kwenye ile miche ya mtoni sitayasahau. Haikuwa kwamba mdudu hakuigusa. Aliigusa. Vinundu vilitoka, ila vikabaki vidogo, vikakauka, vikawa vigumu kama kifundo cha mti. Nikipasua kwa patasi nakuta kitoto kimekufa humo humo. Na kando ya kinundu, chipukizi linaendelea kupanda juu. Mti ulimfungia mlango mdudu ndani ya nyumba aliyoulazimisha uijenge.

Kwa anayetaka kujaribu, nayasema ninayoyafanya. Usipande mvule mchanga mahali peupe peke yake kama nilivyofanya mimi mwaka wa kwanza. Uweke kati ya migomba, au panda mbaazi kuuzunguka, upate nusu jua nusu kivuli kwa miaka miwili ya mwanzo. Panda mitatu pale unapotaka mmoja, na ya mama mbalimbali, kisha mti wenyewe ukuonyeshe upi wa kubaki. Ukiona kinundu kimenona na kulainika, kikate kabla hakijapasuka, ukichome moto, usikitupe chini. Ncha ikioza, ikate chini ya uozo mpaka kwenye mti mzima, na machipukizi yakitoka chagua moja lililo wima uondoe mengine. Nilijaribu pia maji ya majani ya mwarobaini. Hayakunisaidia, na nilipofikiri nikaona kwa nini: mdudu yuko ndani ya nyumba iliyofungwa, maji yanapita juu ya paa.

Mti ukishapita kichwa cha mtu na shina likawa na gome gumu, umepona. Ukubwani mdudu atakuja kuonja majani mapya tu.

Mwaka 2015 nilihamishia miche 5 ya mtoni kwenye uwanja wangu, katikati ya migomba. Miwili imebaki, kwa kuchagua kwangu. Mmoja umelipita paa siku nyingi. Nyumba yangu ni ya mabati, na mtu aliyekaa Tanga mwezi wa pili anajua mabati ni nini saa tisa mchana. Sasa kivuli kinaanza kuingia ukutani alasiri ikianza, kinapanda polepole, na saa kumi kimefika kwenye benchi niliyoweka pale nje ya jiko. Mke wangu anachambua mchicha wake hapo. Kivuli cha mvule si kizito kama cha mwembe. Matawi yako juu, hewa inapita chini yake, nuru inachujika ikawa laini. Una wiki chache unapukutisha majani, kisha unavaa upya. Na kila alasiri mti unapotoa unyevu wake kupitia majani, hewa ya uani inapoa kwa namna ambayo paa au turubai haliwezi kuleta.

Watu wananiuliza kwa nini nijisumbue hivi wakati kuna mwashoki, mjohoro, mwarobaini, mkungu, miti inayokua upesi bila kelele. Sina ugomvi na mti wowote. Mwarobaini ninao mlangoni na majani yake tunayachemsha. Ila nimeishi vya kutosha kuona mti wa kigeni usiougua ukaanza kuugua. Miaka ya themanini tuliambiwa tupande mlusina. Ulitoka Amerika ya Kati, ulikuwa unakua kama mzaha, mbuzi wanaupenda. Mimi nilizungushia boma zima. Mwaka 1992 mdudu wake akafika pwani yetu ya Kenya na Tanzania baada ya kuzunguka nusu ya dunia, naye ni wa kundi moja na huyu wa mvule. Ncha zote zikawa na manjano na utelezi, boma likakonda. Miti ya saipresi ilipatwa na makubwa zaidi: kidukari wake alionekana Malawi mwaka 1986, akaingia kwetu, mwaka 1990 yuko Kenya, na nyua za saipresi za milimani zikakauka zikawa nyekundu kama zimepigwa moto. Mti ulioachana na mdudu wake hauna kinga naye. Siku mdudu akiufuata, hakuna mzee wa mti huo msituni kwetu aliyewahi kupigana naye, wa kumwendea kumwomba mbegu. Mvule wazee hao unao, kwa kadiri tulivyowabakiza.

Na neno "asili" lenyewe tulitumie kwa uangalifu. Hapa juu yetu, Amani, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902 wakapanda miti ya kila pembe ya dunia. Mmojawapo ni ule Waganda wanaouita musizi. Ni mti wa Afrika Mashariki, kwa watu wa Kagera na Uganda ni wa nyumbani kabisa. Lakini Usambara ulikuwa mgeni. Hondohondo wakapenda matunda yake, wakaisambaza mbegu, na leo umeingia ndani ya msitu na kushika nafasi za wenyeji. Kwa hiyo nikisema panda mti wa asili nasema mti wa hapo ulipo, ambao ndege, popo na wadudu wa hapo wanaujua. Aliye Bukoba na aliye Lindi hawatapanda kitu kimoja.

Kiwanja nacho kina la kusema. Mvule ni mti mkubwa, unaweza kupita mita 40 ukiachwa, na mizizi yake inatambaa mbali. Mimi ninauweka hatua 20 kutoka ukuta wa nyumba. Mwenye kiwanja cha mjini cha mita 20 kwa 20 asiupande kwake. Aupande shuleni, msikitini, kanisani, kwenye uwanja wa mtaa, autunze kama wake. Mwenye nafasi anaweza pia kufikiria mkangazi. Wapanda miti ya mbao wanaukwepa kwa sababu kuna kiwavi anayetoboa ncha yake, mti ukagawanyika matawi mapema, gogo likaharibika. Kwa anayetaka kivuli, matawi ya mapema hayamharibii kitu. Ugonjwa wa mbao wakati mwingine ni umbo zuri la uani.

Liko na suala la kibali. Kukata mvule kunataka kibali, na ni sawa kabisa iwe hivyo, lakini wapo wanaoogopa kupanda mti ambao kesho wataulizwa waliupata wapi. Ningependa serikali za vijiji na mitaa ziwe na daftari: fulani kapanda mivule miwili, mwaka fulani, mahali fulani. Kurasa mbili za daftari zingewaondolea watu hofu hiyo.

Na vitalu, vya serikali na vya watu binafsi, viandike mama. Sidai maabara. Kijiti cha rangi kinatosha, na ubao ukutani unaosema kijani ni wa mtoni, nyekundu ni wa msikitini. Mnunuzi apewe mitatu ya rangi tatu. Baada ya miaka mitano kitalu kizunguke kwa wateja wake kuuliza rangi gani imebaki hai, na mbegu za mwaka unaofuata zichumwe huko. Yule kijana niliyenunua kwake mwaka 2013 ameshaanza. Ana rangi sita sasa, na amenipita kwa kuwa naye anaandika na tarehe. Kila siku ya kupanda miti tunasikia wilaya imepanda miche maelfu kwa maelfu. Ningefurahi siku moja kusikia imetoka kwa mama wangapi.

Na hao mama wasikatwe. Hapa ndipo nina haraka, na wahariri wanisamehe kama mwisho huu ni wa jambo langu binafsi. Mzee aliyekuwa na lile bonde la mtoni alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu, na shamba limeangukia kwa mwanawe anayeishi mjini. Wiki iliyopita nilishuka nikakuta mvule wa mtoni umepigwa alama ya rangi nyekundu kwenye gome, upana wa kiganja. Najua alama hiyo. Nimeipiga mwenyewe kwenye miti mingi.

Nimempigia kijana simu. Alinipokea kwa adabu, akasema, "Fundi, mimi sina ugomvi na mti, nina nyumba naimalizia. Mteja ameshasema bei." Nikamuuliza nyumba inataka nini. Akasema milango sita na makabati ya jiko. Nikamwambia asipokee pesa ya mtu mpaka Jumapili. Mtiki wa Longuza ninao stoo, umekauka miaka mitatu, nilikuwa nimeuweka kwa kazi ya uzeeni. Milango sita ya futi 7 kwa futi 3, na makabati yake, kazi ya mikono yangu, na mti ubaki umesimama kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema nije na michoro.

Michoro ipo mezani, nimeshaipigia rula. Mjukuu wangu ambaye alizihesabu zile mbegu kwa kulala kifudifudi sasa ni kijana mrefu kunipita, na ndiye atakayenipeleka kwa pikipiki. Amesema tupitie mtoni kwanza alfajiri, na atachukua ndoo mbili, maana matunda yameanza kudondoka.